Barakoa kwenye igizo la nyimbo: inaficha nini kama wote tunamjua aliyeivaa?

MamaKwaya_Igoma:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Nafundisha kwaya ya vijana hapa Igoma, na safari hii tunafanya igizo la nyimbo mwanzo mwisho. Mtoto wa tajiri wa mitumbwi anajifanya kuli pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, ili ajue baba yake anawalipaje watu. Barakoa yake nimeitengeneza kwa magazeti na uji wa muhogo, imetoka safi, ila kijana akiimba ni kama yuko ndani ya ndoo. Halafu mzee mmoja wa kamati ananiambia, "Huyu mtaa mzima tunamjua hadi mwendo, unamfichia nani?" Nimekosa jibu.

FundiMavazi:
Kata kuanzia juu ya mdomo, ndani bandika sponji kwenye paji la uso. Hata igizo la nyimbo la The Phantom of the Opera, lililofunguliwa London mwaka 1986, kwenye bango barakoa ni nzima, lakini jukwaani mwimbaji anavaa nusu.

MwalimuMstaafu_Nyegezi:
Marahaba mwanangu. Mwambie mzee wa kamati kwamba anachanganya ngoma na igizo. Lipiko, barakoa ya ngoma ya Wamakonde, linamficha mchezaji kwa watazamaji wenyewe. Kwa mila yao, asiyepita jandoni hatakiwi kujua ni nani yumo ndani. Kwenye igizo la nyimbo tunaofichwa si sisi tuliokaa kwenye viti. Anayefichwa ni baba yake, na utamu wote uko kwenye kumwona mtu haoni kile ambacho sisi tunakiona.

Mwongozaji Julie Taymor alikwenda mbali zaidi kwenye igizo la The Lion King, Broadway, New York, 1997. Barakoa ya Scar, yule simba mwovu, inakaa juu ya kichwa, uso wa mwigizaji uko wazi, na akitaka kutisha barakoa inashuka mbele. Unawaona mnyama na mtu kwa pamoja, na hakuna anayelalamika kwamba kadanganywa.

Kwa hiyo mvalishe mbele ya watu, akiwa anaimba. Kazi kubwa utakuwa nayo kwenye kumvua. Kwenye Phantom, Christine, yule mwimbaji anayependwa na mwenye barakoa, ndiye anayeivuta barakoa, tena mara ya pili mbele ya ukumbi mzima. Pale ni kuumbuliwa. Angejivua mwenyewe ingekuwa kuungama. Makuli wenzake wakimvua, hiyo ni hukumu. Kabla ya kushika tena mkasi na gundi, amua mkono ni wa nani.

Kuli_Mstaarabu:
Samahani Mwalimu, Mama naye anisamehe. Mimi nimebeba dagaa pale Mwaloni. Barakoa ya nini? Kuli anachukua gunia tupu, kona moja anaisukumia ndani ya nyingine, anajivika kichwani mpaka mgongoni ili maji ya samaki na vumbi la dagaa visimwingie shingoni. Tajiri niliyembebea alikuwa anatuita "we wa gunia". Uso hakuutazama hata siku ya malipo. Mtoto wake mwenyewe angepita hapo na kiroba asingemjua, na si kwa sababu kajificha.

MwalimuMstaafu_Nyegezi:
Huyu kamaliza kazi. Na mdomo unabaki wazi.

FundiMavazi:
Ila gunia la plastiki litang'aa kwenye taa. Tafuta la katani, ulifue kwanza, vijana wasije wakapiga chafya katikati ya wimbo.

MamaKwaya_Igoma:
Jamani! Basi makuli wote nawavika magunia, mtoto awe mmoja wao tu. Na mkono nimeshauamua, Mwalimu: baba mwenyewe analivuta gunia ili amzidishie mzigo, ndipo anakutana na uso wa mwanawe. Barakoa watavaa watoto wa Jumapili, wameshaanza kuigombania. Kuli Mstaarabu, mazoezi ni Jumamosi baada ya saa tisa. Njoo uwaonyeshe hao vijana kukunja gunia, maana wa kwangu hapa kalivaa kama shela la bibi harusi.