Nchi isiyo na dini inapaswa kumwadhibu mtu aliyeudhi imani ya mwenzake?

Mkazi wa Nyakato (ameuliza)

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Naomba mawazo yenu kuhusu jambo lililougawa mtaa wetu hapa Mwanza, kwa kuwa mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa na nitatakiwa kutoa maoni katika kikao kijacho.

Tuna kundi la WhatsApp ambalo lilianzishwa kwa ajili ya ulinzi shirikishi, taarifa za maji na michango ya misiba. Kijana mmoja Mkristo aliweka humo video ya mhubiri anayeigiza kwa dhihaka jinsi Waislamu wanavyoswali. Kabla hata watu hawajamaliza kumsema, kijana Mwislamu akajibu kwa kipande cha mhadhara wa zamani kinachokejeli Utatu. Msimamizi aliwaondoa wote wawili. Hata hivyo, baadhi ya wazee wa pande zote mbili, ambao kwa jambo hili wamekubaliana kuliko ilivyo kawaida yao, wanataka vijana hao wapelekwe polisi kwa kosa la kukashifu dini.

Kinachonitatiza ni hiki. Ibara ya 3 ya Katiba yetu ya 1977 inasema kuwa Jamhuri ya Muungano ni nchi isiyo na dini, ibara ya 18 inalinda uhuru wa maoni, na ibara ya 19 inaiweka kazi ya kutangaza dini katika hiari ya mtu binafsi. Ikiwa nchi haina dini, inatumia kipimo gani kujua kwamba dini imekashifiwa? Na ikiwa kipimo ni uchungu wa aliyesikia, je, mwenye kukasirika upesi ndiye atakayekuwa na haki kubwa kuliko mwenye subira?

Wakili wa Nyamagana

Ndugu mjumbe, swali lako limewahi kufika Mahakama ya Rufani, nami nakushauri uanzie hapo kabla kikao hakijaanza kubishana kwa hisia.

Katika kesi ya Hamisi Rajabu Dibagula dhidi ya Jamhuri, mhubiri wa Kiislamu alishtakiwa mkoani Morogoro mwaka 2000 kwa kusema hadharani kwamba Yesu si mwana wa Mungu. Alishtakiwa kwa kifungu cha Kanuni ya Adhabu ambacho katika kesi hiyo ni cha 129, kinachomhusu mtu anayetamka neno kwa kusudi la makini la kuumiza hisia za kidini za mwingine. Mahakama ya wilaya ilimhukumu kifungo cha miezi 18, ingawa kosa lenyewe lilikuwa na kikomo cha mwaka 1. Mahakama Kuu ilipunguza adhabu lakini ikaacha hatia ibaki. Ni Mahakama ya Rufani, mwaka 2003, iliyoifuta hatia hiyo, kwa sababu kusudi la kuumiza halikuthibitishwa: mtu aliyekuwa akihubiri yale ambayo dini yake inayafundisha hawezi kuhesabiwa kuwa na nia ya kuumiza kwa sababu tu aliyesikia aliumia.

Hapo ndipo jibu la swali lako la mwisho lilipo. Sheria inauliza kwanza msemaji alikusudia nini, na ukubwa wa hasira ya msikilizaji hauwezi kuchukua nafasi ya ushahidi wa kusudi hilo. Nasisitiza jambo hili kwa sababu Mkristo akikiri imani yake kikamilifu, tayari amemkanusha Mwislamu, na Mwislamu akitamka shahada yake, tayari amemkanusha Mkristo. Kama kukanushwa kungekuwa kosa, tungefunga misikiti na makanisa yote kuanzia Kirumba hadi Igoma.

Tukumbuke pia asili ya kifungu hicho. Maneno yake yanafanana mno na kifungu cha 298 cha Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860, sheria ambayo Waingereza waliitumia hapa Tanganyika mpaka kanuni yetu ilipotungwa mwaka 1930. Watawala wale walikuwa wachache miongoni mwa watu wa dini nyingi, na walichokihofia zaidi ni ghasia. Kwao Uingereza walikuwa na sheria tofauti kabisa, iliyolinda dini ya Kikristo peke yake, kiasi kwamba Waislamu wa huko walipojaribu kuitumia mwaka 1990 mahakama iliwaambia kuwa haiwahusu. Sheria hiyo ilifutwa Uingereza na Wales mwaka 2008. Sisi tumebaki na kifungu cha kuogopa ghasia, na ni vema tukitumie kwa kazi hiyo tu.

Kwa vijana wako wawili, mwendesha mashtaka angelazimika kuthibitisha kusudi. Video ya mtu anayeigiza swala ya wenzake kwa kejeli iko karibu zaidi na kosa kuliko mahubiri ya kawaida, sikatai. Lakini kumpeleka mahabusu kijana aliyesambaza upuuzi uliotengenezwa na mwingine ni kutumia nyundo pale ambapo mkono ungetosha.

Bi Mkubwa wa Sengerema

Mwanangu Wakili, nimekusoma kwa makini na sina ugomvi na hukumu ya mahakama. Ugomvi wangu ni na utulivu wako unapoandika neno ghasia, kama kwamba ni hofu ya wakoloni ambayo sisi tumeshaivuka.

Oktoba 2012 kule Mbagala, ubishi wa watoto wawili ulimfanya mmoja aikojolee Kurani, na matokeo yake makanisa yalichomwa moto jijini Dar es Salaam. Februari 2013 jambo lilikuwa huku kwetu Kanda ya Ziwa, Buseresere mkoani Geita, ambako mchungaji aliuawa katika vurugu zilizotokana na mabishano ya nani mwenye haki ya kuchinja nyama inayouzwa buchani. Wakati huo watu waliokuwa wakila pilau sahani moja katika kila msiba walianza kuulizana nyama imetoka wapi. Nyinyi vijana mnayasoma mambo haya kama historia, wakati sisi tulilala tukisikiliza kila kishindo.

Kwa hiyo nauliza: mtu aliyetukanwa imani yake, ukimwambia kwamba sheria haina la kumfanyia, atakwenda wapi? Mimi naona afadhali pawepo na mlango wa polisi wa kubisha, hata kama mahakama hatimaye itamwachia mshtakiwa, kuliko pasiwe na mlango na watu wajitafutie haki kwa mapanga. Huyo mtoto wa Mbagala kukamatwa kwake kulikuwa pia kulindwa.

Jambo la pili ni hilo la bucha, ambalo watetezi wa nchi isiyo na dini huwa wanalikwepa. Serikali haina dini, lakini ilibidi viongozi wake wakae vikao vya kujadili nani ashike kisu. Desturi ya miaka mingi ilikuwa Mwislamu achinje ili wote wale, na desturi hiyo haikuandikwa na mtu yeyote katika Katiba. Wakristo waliodai bucha zao walikuwa na hoja ya usawa, na Waislamu waliokasirika walikuwa na hoja ya amani iliyozoeleka. Maneno ya Katiba hayakutosha kuamua.

Wakili wa Nyamagana

Shikamoo, Bi Mkubwa. Nakubali kuhusu ulinzi, kwa kuwa polisi wanaweza na wanapaswa kumlinda mtu anayetafutwa na umati. Ninachokipinga ni kumlinda kwa kumfungulia mashtaka, kwa maana umati ukishajua kwamba hasira yake inazalisha kesi, utajifunza kukasirika zaidi. Makanisa yaliyochomwa yalichomwa na watu wazima, na kuchoma jengo la ibada ni kosa lisilohitaji mjadala wowote wa hisia. Kwa habari ya bucha, umesema kweli na sina la kuongeza.

Mwana wa Bujora

Naomba niwarudishe nyumbani kidogo, maana mnajadili kana kwamba watu wa ukanda huu walianza kutukanana baada ya kuja kwa misahafu.

Sisi Wasukuma tuna Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma ambayo kwa vizazi yameshindana kwa nyimbo, na sehemu kubwa ya ushindani huo ni kumdhihaki mwenzako mbele ya umati: manju wake, yaani kiongozi wa ngoma, dawa zake, hata uzembe wake shambani. Mpaka leo mashindano ya Bulabo hufanyika kule Bujora, Kisesa, yakienda pamoja na sikukuu ya Ekaristi ya Kanisa Katoliki, na sijasikia mtu akiomba manju akamatwe. Nadhani sababu inaeleweka. Aliyeingia uwanjani ameingia kwa hiari yake, mpinzani wake yupo na atapewa zamu ya kujibu, na ngoma ikiisha watu wanarudi nyumbani. Mihadhara ya kulinganisha Biblia na Kurani, iliyopata nguvu nchini tangu miaka ya 1980 kwa mvuto wa Ahmed Deedat wa Afrika Kusini, ilipoendeshwa vizuri ilikuwa na sura hiyo hiyo: mchungaji anakaribishwa, anajibu, na wasikilizaji wamekuja wenyewe kwa miguu yao.

Kosa la vijana wa Nyakato, kwa maoni yangu, ni kuifanya ngoma hiyo katika kundi la misiba. Mjane aliyejiunga ili ajue mchango ni kiasi gani hakuingia uwanjani. Vivyo hivyo kipaza sauti kinachoelekezwa kwenye madirisha ya watu usiku wa manane: mimi sijali kinasema nini, najali kwamba siwezi kuondoka, kwa sababu nilipo ni kitandani kwangu. Suala hilo lina kanuni zake za kelele za mwaka 2015 chini ya sheria ya mazingira, nazo hazihitaji kujua kama sauti inatoka msikitini, kanisani au baa. Huo ndio utawala usio na dini ninaouelewa.

Lakini kuna jambo ambalo hakuna aliyeligusa, nalo linaniuma kuliko yote. Katika mimbari na viriri vyote vya mkoa huu, imani ya babu zangu inaitwa ushetani kila wiki. Kutambika kwetu kunaitwa uchawi, hirizi zinachomwa hadharani huku watu wakishangilia, na sijawahi kuona mhubiri akishtakiwa kwa kuumiza hisia za mfumu, yaani mganga wa jadi. Na maneno hayo hayaishii kwenye hisia. Usukumani tumezika vikongwe waliouawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyopata wekundu wake kwa moshi wa kuni na samadi jikoni. Sisemi wahubiri ndio waliowatuma wauaji, maana hofu ya uchawi ni yetu wenyewe na ina umri mrefu. Ninasema kwamba kipimo cha kuudhika kinawasikia tu wenye idadi na wenye majengo. Wahindu wa Makoroboi, hapa Mwanza mjini, wanasikia miungu yao ikiitwa sanamu, nao wanafungua maduka kesho yake. Je, kimya chao kinamaanisha hawakuumia?

Ndiyo maana naungana na Wakili. Sheria iwalinde vikongwe, iyalinde majengo, makaburi na watu walio katikati ya ibada. Mafundisho yenyewe, yawe ya Roma, ya Makka au ya Gamboshi, kijiji chetu kinachovumishwa kwa uchawi, yajitetee kwa hoja.

Bi Mkubwa wa Sengerema

Mwana wa Bujora, la vikongwe umenifunga mdomo. Lakini hilo la kusema mafundisho yajitetee, lipeleke kwa mama aliyelea watoto wake katika dini hiyo na hana kitu kingine cha kuwarithisha. Anapotukaniwa Mtume wake, hasikii hoja, anasikia mtu akimtukana baba yake mzazi. Sitaki afungwe mtu kwa ajili hiyo, mmenishawishi. Nataka tu msimwite mama huyo mjinga kwa kuumia.

Mkazi wa Nyakato

Nawashukuru sana. Nitakachokipendekeza kikaoni ni kwamba suala hili lisiende polisi, kwamba kundi liwe na kanuni ya kutoweka mahubiri wala kejeli za dini yoyote, ikiwemo imani za asili, na kwamba vijana hao wawili warudishwe baada ya kuzungumza na mjumbe mmoja wa dini ya upande wa pili, faragha, pasipo kulazimishwa kuomba radhi mbele ya watu. Nafahamu kuna mzee mmoja atakayesema kwamba huku ni kulea uovu.

Bado sijui nijibu nini wakiuliza kuhusu yule mhubiri aliyetengeneza video yenyewe, ambaye inasemekana ataleta mkutano wa hadhara viwanja vya jirani. Wazee watataka mkutano huo uzuiwe.

Wakili wa Nyamagana

Mkutano usizuiwe kwa sababu ya video ya zamani, kwa kuwa hapo mtakuwa mnaadhibu maneno ambayo bado hayajasemwa. Ombeni mambo matatu kwa maandishi kupitia ofisi ya mtendaji: muda wa kumaliza, spika zielekezwe uwanjani badala ya makazi, na askari wawepo kwa ajili ya kuwalinda waliomo na wanaopita. Kisha pelekeni barua ya namna hiyo hiyo kwa kila mkutano utakaofuata, hata ule wa dhehebu lako mwenyewe, kwa sababu barua ya kwanza pekee itasomwa kuwa ni chuki, na kwa kweli itakuwa hivyo.