Mtoto akichomoka mkononi, tumuulize mama au tuutazame uzio?

Ndugu zangu, naleta hoja hii nikijua wengi hatutakubaliana, kwa hiyo upande wangu nausema mapema. Mtoto akiumia mahali pa umma, swali la kwanza limwendee aliyepajenga na anayepasimamia. La mzazi lije la pili. Sisi tumezoea kuanza na mzazi, na mara nyingi tunaishia hapohapo.

Nianzie mbali, kwa kisa kilichobeba neno letu. Tarehe 28 Mei 2016, katika bustani ya wanyama ya Cincinnati huko Ohio, Marekani, mvulana wa miaka 3 alipita uzio wenye kimo cha kama sentimita 90, akapenya vichaka, akaporomoka zaidi ya mita 4 hadi kwenye handaki lenye maji ya kina kifupi. Ndani alikuwamo gorila dume aitwaye Harambe, aliyekuwa ametimiza miaka 17 siku moja tu kabla. Akakaa na mtoto kwa takriban dakika 10, mara akimburuta. Wahudumu wa bustani waliamua kumpiga risasi gorila, na mtoto akatoka hai.

Hasira zote zikamwangukia mama. Zaidi ya watu 500,000 walitia saini ombi la mtandaoni wakitaka wazazi wawajibishwe. Wengine walifukua hadi maisha ya zamani ya baba, ambaye siku ile hata bustanini hakuwepo. Juni 6, mwendesha mashtaka wa kaunti, Joe Deters, akatangaza kwamba mama hatashtakiwa: alikuwa na watoto wengine, na aligeuza macho kwa sekunde chache. Siku iliyofuata eneo la magorila lilifunguliwa upya likiwa na uzio mrefu zaidi, magogo imara na wavu wa kamba ili mtoto asipate pa kupenya. Baadaye wakaguzi wa serikali kuu walisema uzio wa awali haukukidhi kanuni, ingawa ulikuwa umepita kaguzi zilizotangulia.

Wavu wa kamba, jamani. Eneo lile lilikuwepo tangu 1978, na wavu ulifungwa ndani ya siku kumi baada ya ajali.

Mtu atasema hiyo ni bahati mbaya ya mara moja. Hapana. Mwaka 1986, kisiwani Jersey, mtoto wa miaka 5 alianguka kwenye uwanja wa magorila, na dume aitwaye Jambo akasimama karibu naye kama mlinzi. Agosti 1996, bustani ya Brookfield karibu na Chicago, mtoto wa miaka 3 alipanda akaanguka. Gorila jike, Binti Jua, akambeba, huku mwanawe mwenyewe akiwa mgongoni, akampeleka mpaka kwenye mlango wa wahudumu. Jambo, Binti Jua, Harambe: majina matatu yenye asili ya lugha yetu, ndani ya miaka thelathini. Wazazi walikuwa tofauti, bustani tofauti, lakini kila mara mtoto mdogo aliweza kufika asikopaswa kufika. Tukiwalaumu wazazi watatu mmoja mmoja, hatutauona uzio hata mara moja.

Sasa nije kwa wanaonipinga, maana hoja zao zina uzito. Wanasema mlezi ni mzazi, na si kwa mila tu: Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inampa mzazi wajibu wa kumlinda mtoto na hatari. Wanasema wazazi wa siku hizi macho yako kwenye simu. Wanasema ukizungushia kila kitu uzio, mzazi atalala usingizi.

Kisa kinachonisumbua mimi mwenyewe ni cha Pittsburgh, Novemba 2012. Mama alimnyanyua mwanawe wa miaka 2 juu ya reli ili aone vizuri, mtoto akamponyoka, akaangukia kwenye mbwa mwitu wa Afrika. Akafa. Hapo siwezi kusema mama hakufanya kitu. Lakini familia ilipofungua kesi ilidai kwamba bustani ilijua wazazi huwanyanyua watoto pale mara kwa mara. Kesi ilimalizwa kwa makubaliano, na jukwaa lile lilifungwa. Nauliza: kama mahali penyewe panamfanya mtoto asione bila kunyanyuliwa, mzazi atafanya nini? Arudi nyumbani, au amlipie kiingilio aangalie migongo ya watu?

Mahakama za Uingereza nazo zimeyumba katika jambo hili. Mwaka 1922, katika kesi ya Glasgow, mtoto wa miaka 7 alikuwa amekufa baada ya kula matunda yenye sumu kwenye bustani ya umma. Majaji wakasema halmashauri ilikuwa na la kujibu, maana matunda yanayovutia hivyo ni mtego kwa mtoto. Mwaka 1955, kesi ya Rochester, mtoto wa miaka 5 alitumbukia kwenye mtaro uliochimbwa kwenye kiwanja cha ujenzi akavunjika mguu. Jaji akasema wajibu wa watoto wadogo kimsingi ni wa wazazi wao. Miaka miwili baadaye sheria ikaandikwa kwamba mwenye eneo lazima ategemee watoto kutokuwa waangalifu kama watu wazima. Kenya ina sheria yake ya namna hiyo, Sura ya 34. Maneno hayo ndiyo ninayoyashika. Utoto si kosa la kushangaza. Ni jambo linalojulikana kabla hata msingi haujachimbwa.

Na huku kwetu? Septemba 29, 2019, Likoni, Mombasa, gari lilirudi nyuma na kutumbukia baharini kutoka kwenye kivuko. Jina la kivuko, MV Harambee. Mama na binti yake wa miaka 4 wakafa, na gari likaja kutolewa majini siku ya 13. Nakumbuka maneno ya siku zile: kwa nini hakuvuta breki ya mkono, kwa nini walibaki ndani ya gari. Sikuelewa, na bado sielewi, tunawezaje kuijadili breki ya marehemu kabla ya kuuliza kwa nini hakukuwa na kitu cha kulizuia gari lisiingie baharini.

Wanaosema uzio huwalaza wazazi usingizi, waende Dar es Salaam wakaone kazi ya shirika la Amend kuzunguka shule za msingi. Hawakuwahubiria akina mama. Walijenga njia za waenda kwa miguu, wakaweka matuta na vivuko, pengine wakahamisha geti la shule lisielekee barabara kubwa. Utafiti ulionyesha majeruhi walipungua kwa zaidi ya robo, na mwaka 2019 mradi huo ukapata tuzo ya kimataifa ya miji. Mama wa watoto wale ni walewale, wanaoamka alfajiri kwenda sokoni na hawawezi kumshika mtoto mkono hadi darasani. Kilichobadilika ni barabara.

Tunapenda kusema zamani mtoto alikuwa wa kijiji kizima. Kweli. Lakini tukumbuke maana yake: macho yalikuwa mengi, ya shangazi, bibi, jirani. Mama peke yake hakuwahi kutegemewa kuwa ukuta.

Mwaka juzi nilikuwa harusini, kwenye ukumbi wenye bwawa la kuogelea nyuma yake, bila uzio, taa zimezimwa. Mpwa wangu wa miaka 4 alipotea wakati wa kumtunza bibi harusi. Tulimkuta ameketi ukingoni, miguu imo majini, anarusha maua. Dada yangu alilia, na wazee wawili pale wakamgombeza mbele za watu kwamba hajui kulea. Msimamizi wa ukumbi hakuulizwa neno, na mimi sikumuuliza. Nilikuwa nimembeba mtoto natetemeka.

Mwezi uliopita nimepita pale tena kwa shughuli nyingine. Bwawa bado liko wazi. Wamebandika karatasi ukutani: WAZAZI CHUNGENI WATOTO WENU. Anayeona karatasi ile inatosha, namkaribisha aeleze.