Daraja la tao la mawe: tuzibe viungo kwa saruji au chokaa?

Nandi_Mteremko
Mafundi, hamjambo. Barabara ya mashamba ya chai inayoshuka kutoka Nandi Hills kuelekea Chemelil ina daraja dogo la tao la mawe ya kuchonga. Mota ya zamani, ule udongo wa kuunganishia mawe, imeliwa hadi kidole kinaingia, na tao hutiririsha maji mvua ikishakatika. Kikundi cha barabara kinataka kupiga plasta ya saruji chini yote. Ni sawa?

FundiMawe_Ksm
Msipige plasta, tafadhali. Saruji hufungia maji ndani ya jiwe, na uso wake huanza kubanduka maganda. Tena plasta huficha nyufa, na hizo ndizo za kuangaliwa kila baada ya masika.

Kwangua mota iliyooza kwa patasi na nyundo. Grenda hula kingo za mawe. Kina kiwe mara mbili ya upana wa kiungo, kisipungue milimita 25. Fanya kipande kidogo, ukizibe, ndipo uendelee. Ukifungua tao zima kwa pamoja mawe yatalegea. Osha vumbi, lowesha jiwe, kisha changanya karai 1 la chokaa na 3 za mchanga mkali uliochekechwa. Chokaa ya Koru iko karibu, lakini chokaa ya kawaida hushika kwa hewa, polepole sana penye unyevu. Kwa hiyo ongeza nusu karai ya unga laini wa matofali yaliyochomwa, ishike hata penye unyevu. Shindilia kwa tabaka, funika kwa magunia mabichi wiki nzima. Januari ndiyo nzuri kwa kazi hii.

Bonde_Nakuru
Nakubali, ila anzeni na maji ya juu. Mitaro ikiziba, yanapenya kwenye udongo uliojazwa juu ya tao na kuiosha mota mpya. Pia chomeni mtaimbo kando ya misingi: ukizama chini ya jiwe, mkondo umeshaula msingi, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza.

Nandi_Mteremko
Asante sana. Kuna ufa unaofuata urefu wa barabara, karibu na ukingo. Na mti wa mugumo umeota ukutani.

Bonde_Nakuru
Ufa huo kwa kawaida ni ukuta wa pembeni unaosukumwa nje na udongo na uzito wa magari. Gundisheni kipande cha kioo juu yake, mwandike tarehe. Kikivunjika, ukuta bado unasogea. Ufa ukikata tao kwa upana, zuieni malori ya miwa siku hiyo hiyo na kuita mhandisi wa kaunti au KeRRA, mamlaka ya barabara za vijijini.

Mugumo msiung'oe, utatoka na mawe. Kateni shina, pakeni dawa ya kuua kisiki, mzizi ukishakufa ndipo mzibe.