Gumzo la Familia: Theluji ya Jumamosi

Alhamisi

Dada Munich: Shikamoo Babu, shikamoo Shangazi. Ninaomba ridhaa yenu kabla sijakata tiketi. Jumamosi hii ninataka kumpeleka mdogo wangu, mwanao Shangazi, akaione theluji ya kweli, kwa sababu tangu afike huku ameona ile ya mitaani tu, ambayo hukanyagwa na kumwagiwa chumvi na kokoto hadi inakuwa tope la kijivu kabla ya adhuhuri. Tutakwenda Garmisch-Partenkirchen, mji ulioandaa Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 1936, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa treni kutoka Munich. Kutoka hapo tutapanda Zugspitze, mlima mrefu kuliko yote Ujerumani, mita 2,962, na usiku tutalala nyumbani.

Shangazi Kibuli: Marahaba mwanangu. Huku kwetu Uganda, kwenye milima ya Rwenzori, watu hutembea siku saba ndipo waifikie theluji na kurudi, nawe unaniambia asubuhi na jioni? Mtoto huyu amekulia Kibuli, hapa Kampala, na baridi anayoijua ni ya mvua ya alfajiri. Isitoshe, sijaisahau simu yako ya mwaka jana, ulipokuwa ukilia kwamba vidole vya miguu vimekufa. Nieleze kwanza yaliyotokea siku ile, ndipo tuzungumzie ridhaa.

Dada Munich: Nitaeleza yote, Shangazi, maana kosa lilikuwa langu. Nilivaa raba za kitambaa na soksi za pamba jozi mbili, nikidhani kwamba soksi mbili ni joto maradufu. Theluji ikaingia penye kamba za viatu, ikayeyuka kwa joto la mguu, na pamba ikishalowa haikauki tena. Tulikaa juu mlimani tukipiga picha mpaka gari la mwisho la kushuka. Tulipofika kituoni giza lilikuwa limeingia, nikatoa simu nionyeshe tiketi, nayo ikazimika papo hapo ilhali ilikuwa na chaji asilimia 40, kwa kuwa baridi kali huidhoofisha betri. Nilikaa kwenye benchi nimeibana kwapani kama kifaranga hadi ikawaka, na treni yetu ikawa imekwisha kuondoka.

Babu Kilembe: Salaam wanangu. Nimesoma taratibu, kwa miwani. Mjukuu wangu, viatu vilikuumiza, lakini lililokuponza ni kukaa juu mpaka gari la mwisho. Tulipowabebea wageni mizigo kule Rwenzori, baada ya mimi kuacha kazi ya mgodini, saa ya kugeuka ilipangwa kambini, chini, wakati kila mtu ana akili timamu na chai mkononi. Juu, mtu hulewa uzuri. Huona kilele kiko karibu, au hutaka picha moja zaidi, na kila aliyeniambia "dakika kumi tu" alirudi akimulika njia kwa tochi. Nieleze saa ya kugeuka kwanza, mengine yatafuata.

Dada Munich: Asante Babu. Mwezi huu jua la huku huzama kama saa 10:20 jioni, na gari la mwisho la kushuka kutoka mlimani huondoka alasiri. Nilikuwa nimefikiria kugeuka saa 9.

Babu Kilembe: Saa 8.

Dada Munich: Saa 8, Babu.

Shangazi Kibuli: Hiyo ni saa 10 kwetu, na simu yangu itakuwa mkononi. Sasa nieleze hili, kwa sababu linanisumbua. Kampala tuko kwenye mita 1,200 hivi, nanyi mnasema mji huo wa Garmisch uko kwenye mita 700 tu. Mbona theluji inaanguka kwao, na sisi tulio juu zaidi tunakaa na feni?

Dada Munich: Ni jua, Shangazi. Kwetu hupita utosini mwaka mzima, na mchana ni saa kumi na mbili daima. Huku, mwezi wa Desemba, hupita chini karibu na paa za nyumba kwa saa nane na dakika chache, na miali yake inakuja imelala, haina nguvu ya kupasha ardhi. Kwetu, aitakaye theluji lazima aliache joto hilo kwa kupanda, kwani kila mita 1,000 hupunguza takriban nyuzi 6, na ndiyo maana Rwenzori huipati mpaka uwe juu sana, karibu na vilele.

Mdogo Munich: Shikamoo Babu, shikamoo Mama. Dada, kwa nini tusiende Wallberg, kule Tegernsee? Wana njia ya kuteleza kwa sleji yenye urefu wa kilomita 6.5.

Dada Munich: Kwa sababu sleji ni kigari cha mbao kisicho na magurudumu wala breki, mdogo wangu. Breki ni visigino vyako, na njia ile ina mteremko mkali wenye kona. Zugspitze, chini kidogo ya kilele, kuna uwanda ambapo hata watoto wadogo huteleza. Anza hapo.

Shangazi Kibuli: Na ninyi mtapandaje huko juu?

Dada Munich: Tutapanda kwa treni ya meno, yenye gurudumu linalouma reli ya meno ili isiteleze, ambayo imekuwa ikipanda mlima huo tangu 1930 na hupita ndani ya handaki refu kabla ya kutokeza kwenye uwanda. Kushuka tutatumia gari la waya, yaani chumba kinachoning'inia kwenye nyaya, lililofunguliwa mwaka 2017, ambalo huteremka karibu mita 2,000 hadi ziwa la Eibsee likiwa na nguzo moja tu njiani.

Shangazi Kibuli: Nguzo moja! Hilo usingenieleza, mwanangu.

Dada Munich: Nisamehe Shangazi, nimeona ni heri ulijue kwangu. Tiketi ya mlima ni ghali, kwa hiyo sitainunua mpaka asubuhi yenyewe, nikishatazama kamera za kileleni kwenye intaneti. Mara nyingi Munich hufunikwa na ukungu ilhali juu kuna jua kali, na mara nyingine huwa kinyume chake. Tukikuta wingu limekaa juu, hatupandi. Tutatembea katika korongo la Partnach, hapo hapo Garmisch, mita 700 hivi kati ya kuta za mwamba, ambamo maji yanayochuruzika huganda na kuning'inia kama mapazia ya kioo.

Babu Kilembe: Jua kali ndilo lenye hatari yake. Msiende bila miwani ya jua. Theluji huurudisha mwanga usoni, hata chini ya ukingo wa kofia. Mimi niliwahi kuwapa wageni miwani yangu, na usiku macho yakawa kana kwamba yametiwa mchanga wa moto. Nililala siku mbili na kitambaa cha maji usoni, nikiongozwa kwenda chooni kama mtoto.

Shangazi Kibuli: Lile koti zito nililomnunulia kwenye soko la Owino analo?

Mdogo Munich: Ninalo, Mama, na Dada amenipa soksi za sufu na buti zisizopitisha maji. Tiketi ya treni ataichapisha, na simu zitakaa mfuko wa ndani.

Babu Kilembe: Na barafu ya kudumu, je, wanayo?

Dada Munich: Imebaki kidogo, Babu. Mwaka 2022 wanasayansi waliiondoa Schneeferner ya Kusini kwenye orodha ya barafu za milimani, kwa kuwa ilikuwa imekonda mno na haisogei tena. Ya Kaskazini bado ipo, na inaonekana kutoka uwandani.

Babu Kilembe: Basi ni kama yetu. Yule Mwitaliano, Duke wa Abruzzi, alipofika Margherita, kilele kirefu kuliko vyote vya Rwenzori, mwaka 1906, barafu ya Rwenzori ilienea karibu kilomita za mraba 6.5, na ilipofika 2003 haikufika hata moja. Mimi nimeiona ikirudi nyuma, na penye barafu tuliyokanyaga pakabaki mwamba mtupu. Nipigieni picha ya hiyo ya Kaskazini. Na wewe kijana, chota ngumi moja ya theluji uiminye, uniambie kama inashikamana. Ile ya kwetu wakati wa mchana ilishikamana kama ugali wa posho ulioiva.

Shangazi Kibuli: Haya, nimeridhia. Saa 8.

Jumamosi

Mdogo Munich: Babu, haishikamani. Inamwagika vidoleni kama unga mkavu wa mahindi, na nikikanyaga inalia chini ya buti. Picha ya barafu hii hapa, ni ile sehemu iliyo chini ya ukuta wa mwamba. Nimeteleza mara tatu na nilitaka ya nne, lakini Dada ameonyesha saa. Ni saa 7:55, tunaelekea kwenye gari la waya.