Mawakala wa viza mnaowadanganya singo maza kuwa dada aliyeko Uingereza anaweza kuwavuta: rudisheni hela zetu

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, ila kila neno nalimaanisha.

Mimi ni singo maza, naishi Dar, binti yangu yuko darasa la nne. Wazazi wangu wote wametangulia mbele za haki. Ndugu wa tumbo moja niliyebaki naye ni dada, anaishi Uingereza na mumewe na watoto, na ni raia wa kule. Tangu tumzike mama, dada haachi kusema njooni tuwe karibu, watoto wakue pamoja. Nikaanza kuulizia taratibu, na hapo ndipo nilipoangukia mikononi mwa hawa watu.

Ofisi yao iko ghorofani, ina kapeti na kiyoyozi, ukutani pameshonana picha za watu wameshika pasi za kusafiria huku wanacheka. Jamaa aliniuliza mambo matatu tu: dada ana uraia, ana nyumba, na mtoto ana cheti cha kuzaliwa? Nikasema ndiyo. Akafunga daftari, akasema, "Dada yangu, hapo umemaliza. Tunakufungulia viza ya familia, sista anakudhamini." Kufungua faili, milioni moja na laki mbili. Nikatoa hela ya mchezo wa kupeana niliyokuwa nimepokea wiki ile ile. Risiti yake ni karatasi ya kile kitabu cha dukani, imeandikwa "huduma", basi.

Singo maza wenzangu, hiyo viza haipo. Uingereza hakuna viza ya mtu mzima mwenye afya yake kumfuata dada au kaka. Njia za familia ni za mke, mume au mchumba, za mtoto aliye chini ya miaka 18, za mzazi ambaye mtoto wake yuko kule, na moja ya ndugu mtu mzima anayehitaji kuangaliwa. Hiyo ya mwisho ndiyo wanayokuonyesha kwenye kompyuta, maana kweli imetaja dada na kaka. Kisichosomwa kwa sauti ni masharti yaliyowekwa tangu Julai 2012: uwe mgonjwa, mzee au mlemavu kiasi cha kushindwa kuoga, kuvaa au kujipikia mwenyewe, na uangalizi huo usiweze kupatikana nchini kwako hata ndugu akituma pesa. Mama anayeamka alfajiri kukaanga vitumbua na kumwandaa mtoto wa shule hapiti hapo. Wakala anayeishi kwa kazi hii analijua hilo kabla hujakaa kwenye kiti.

Nilipomrudia na maelezo hayo akarukia nchi nyingine. Marekani ni kweli raia aliyefikisha miaka 21 anaweza kumwombea dada au kaka yake viza ya kuhamia kule, lakini nafasi zake ni 65,000 tu kwa mwaka kwa dunia nzima na foleni inapita miaka 15. Mtoto akikua humo humo kwenye foleni, akapita miaka 21, anaweza kuondolewa kwenye faili la mama yake. Na dada yangu si raia wa Marekani, jambo nililomwambia siku ya kwanza! Kanada, dada au kaka aliyeko kule anakuongezea pointi 15 tu kwenye mfumo wao wa kuomba kuhamia kwa ujuzi. Elimu, umri na lugha vinabaki juu yako.

Kilichonitoa machozi ya hasira ni alichokuja nacho baadaye: kazi ya kulea wazee Uingereza. Eti nitangulie mimi, mtoto atafuata baada ya miezi mitatu. Wakuu, tangu tarehe 11 Machi 2024 anayeomba kwenda kufanya kazi hiyo haruhusiwi kuja na mtoto wala mwenza, si leo wala baada ya miezi mitatu. Na tarehe 22 Julai 2025 mlango wenyewe ukafungwa kwa waombaji wapya walio nje ya Uingereza. Tangazo lake bado liko hewani ninavyoandika, lina picha ya mama na mtoto wakiwa uwanja wa ndege.

Kwenye mchanganuo wa gharama za hiyo kazi aliniandikia milioni kumi na nne za cheti cha udhamini, yaani kile anachotoa mwajiri wa kule ili uombe viza, kitu ambacho anayekilipia ni mwajiri mwenyewe. Chini yake akaandika ada ya huduma za afya za kule inayolipwa wakati wa kuomba viza, pauni 1,035 kwa mwaka kwangu na 776 kwa mtoto. Viwango hivyo vipo kweli, ila wanaokwenda kwa viza ya wahudumu wa afya na uangalizi, ndiyo hiyo ya kulea wazee, wamesamehewa ada hiyo, hawaigusi kabisa. Maana yake alikuwa ananitoza ada isiyokuwepo, tena kwa mtoto ambaye sheria imeshamkataza kwenda. Nilipomwonyesha, akasema nimekuwa mjuaji na faili langu limefungwa.

Siku hiyo hiyo nilikuta mama mmoja kwenye benchi pale mapokezi, mikononi bahasha ya kaki. Ana mapacha. Alikuwa ameshauza kiwanja Chanika na anapanga kuwapeleka watoto kwa bibi yao Korogwe hiyo "miezi mitatu". Nikamwambia habari ya Machi 2024. Akaigeukia meza ya mapokezi, akauliza, "Ni kweli?" Yule binti akainamia simu yake, hakumjibu. Huu ni wizi wa pesa, na juu yake ni kumnyang'anya mtoto mzazi wake wa pekee kwa uongo.

Halafu kuna suala la baba. Binti yangu baba yake aliondoka hajaota hata jino. Hajawahi kununua daftari. Lakini jina lake liko kwenye cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo pasi ya mtoto ikitakiwa, ridhaa yake inatakiwa. Nimemtafuta hadi nikapata namba. Jibu lake: "Weka laki tano nisaini." Mtu aliyeshindwa kutoa matunzo anauza sahihi. Na ofisi niliyokwenda kuomba msaada, afisa hakuinua hata kichwa: "Mlete baba yake." Nimeeleza kwamba namlea peke yangu, nikajibiwa sentensi ile ile.

Mama mmoja wa Ustawi wa Jamii, Mungu ambariki, ndiye aliyenikalisha akanieleza kuwa chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009 naweza kwenda mahakamani kuomba amri ya kukaa na mtoto. Kwa nini maneno hayo hayakutoka kwenye dirisha la kwanza? Wanawake wangapi wameishia kumlipa mwanaume sahihi kwa sababu hakuna aliyewaambia kuwa mahakama ipo?

Uingereza nao, kwa njia nyingi, mtoto akienda na mzazi mmoja wanataka uthibitisho kwamba jukumu lote la malezi ni lako. Tunzeni stakabadhi za ada, kadi ya kliniki, barua za shule zenye jina lako peke yako, meseji ulizomwomba baba hela akakaa kimya. Vitu hivyo ndivyo vinavyosema. Wakala wangu yeye alinishauri njia fupi: niseme baba amefariki, cheti cha kifo atanitafutia yeye. Ukikamatwa na nyaraka ya kughushi Uingereza unaweza kupigwa marufuku miaka 10. Marufuku ingekuwa juu ya jina langu, yeye angebaki kwenye kiyoyozi chake.

Wale mtakaokuja kunishauri niolewe na mtu wa kule, kwa waombaji wapya tangu tarehe 11 Aprili 2024 anayemleta mwenza anatakiwa kuwa na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, na suala la jukumu la mtoto linabaki pale pale. Na wale wa "singo maza tulia nyumbani", piteni. Nataka kuishi karibu na dada yangu, kihalali, nikiwa na mtoto wangu. Kama njia haipo, niambiwe haipo, nisiuziwe.

Nimeshapeleka malalamiko kwa maandishi kuhusu hela yangu na sitayaondoa. Kwa hiyo naomba mambo mawili. Mliolipa "kufungua faili" kwa ahadi ya viza ya familia ya dada au kaka, wekeni picha za risiti zenu hapa, fichani majina na namba, tukalalamike pamoja maana mmoja mmoja wanatuchoka. Na mliowahi kupata amri ya mahakama ya kukaa na mtoto ili apewe pasi: ilichukua muda gani, na wito wa baba mliupelekaje wakati hajulikani anakoishi?