Naomba ushauri: nataka kufunga GPS kwenye betri ya pikipiki bila kuunguza kitu

Njia Panda
Wakuu, habari zenu. Nina kifaa cha GPS cha kufunga kwenye usukani wa pikipiki. Betri yake ya ndani inakaa saa chache tu, safari ndefu inazimika njiani. Kimekuja na waya wa USB pekee. Pikipiki ni ya volti 12, betri iko chini ya siti, imeandikwa 7Ah.

Wazo langu ni kukata kichwa cha USB, nyekundu iende chanya ya betri, nyeusi iende hasi, basi. Jamaa mmoja kaniambia waya ni waya tu, ila roho inasita. Na je, nikikiacha kimechomekwa usiku kucha, asubuhi pikipiki itawaka? Mimi si fundi umeme, lakini spana na bisibisi nazishika vizuri.

Kifaru Mpole
Usikate huo waya mkuu!! USB ni volti 5. Betri iliyojaa na kutulia ina kama 12.6, injini ikiwaka inapanda hadi 14 na ushee. Hicho kifaa utakizika siku hiyohiyo.

Bisibisi
Hapo Kifaru kamaliza. Tafuta konvata, kile kidude kinachopokea 12 na kutoa 5, chenye kinga ya maji. Soma ampea zake. Kifaa kikitaka 2A ukakipa konvata ya 1A, utaona alama ya kuchaji inawaka huku asilimia zinashuka, uanze kulaumu kifaa bure.

Tena konvata nyingine za ovyo zina kelele za umeme zinazovuruga mawimbi ya satelaiti. Ukiona GPS inapotea kila ukichomeka chaji, isogeze konvata mbali nayo.

Mzee wa Gia
Mnamchosha kijana. Dondoa umeme kwenye waya wa taa kubwa, uko hapohapo mbele, dakika kumi umemaliza.

Fundi Waya
Mzee wa Gia, shikamoo, lakini hapo kwenye taa kubwa nakataa. Pikipiki nyingi ndogo taa ya mbele haiguswi na betri kabisa, inakula umeme wa AC (unaogeuka-geuka mwelekeo, si wa DC kama wa betri) kutoka kwenye koili za magneto, yaani jenereta ndogo ya injini. Dalili yake: injini ikiunguruma bila resi (sailensa) taa inafifia, ukipiga resi inang'aa. Konvata ya DC ukiipachika hapo umeiua.

Njia Panda, twende taratibu. Chanya itoke kwenye betri yenyewe, na kitu cha kwanza kukutana nacho kiwe fyuzi, ndani ya sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye betri. Watu wengi wanaiweka fyuzi mbele karibu na kifaa, wakidhani inalinda kifaa. Fyuzi inalinda waya. Waya ukichunika chini ya tanki na kugusa fremu, kipande chote cha kutoka betri hadi kwenye fyuzi hakina mlinzi, na hapo juu yake kuna petroli.

Pili, umeme ufuate ufunguo. Konvata hata isipochaji kitu inanyonya kidogo. Chukulia 20mA: kwa saa 24 ni karibu nusu ampea-saa. Betri yako ya 7Ah inakauka kwa wiki mbili, na itagoma kuwasha injini muda mrefu kabla ya hapo. Kwa hiyo usiku mmoja haukutishi, shida ni pikipiki ikilala bila kutumika.

Dawa ni rilei ndogo ya pini nne, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo. Pini 30 ipokee chanya kutoka kwenye fyuzi, 87 iende kwenye konvata, 85 iende hasi, na 86 ichukue umeme kwenye waya unaopata umeme ufunguo ukiwashwa tu. Waya wa taa ya nyuma unafaa kama unatoka kwenye betri. Rilei inauomba umeme kidogo sana, mzigo wote unabebwa na waya wako mpya.

Waya wenyewe uwe wa nyuzinyuzi, 0.75 au 1 mm². Usitumie ule mgumu wa nyumbani, mtikisiko utaukata. Maungio bana kwa koleo la kubania halafu vika mpira unaosinyaa kwa moto. Kuunga waya kwa risasi ya kuyeyusha kwenye pikipiki sikupendi, waya unakakamaa pale risasi inapoishia na ndipo unapokatikia. Vile vibanio vya plastiki vinavyouma waya bila kuukata navyo achana navyo, vinakata nyuzi na kuingiza maji.

Ukianza kazi fungua hasi kwanza, ukimaliza ifunge mwisho. Ukianza na chanya huku hasi iko mahali pake, spana ikigusa fremu ni shoti.

Dada Helmeti
Nyongeza: kabla ya kufunga waya kwenye fremu, geuza usukani mpaka mwisho kushoto, kisha mpaka mwisho kulia. Waya usivutike wala kubanwa pale shingoni. Na uache ushuke kidogo chini ya konvata kabla ya kupanda kuingia, ili maji ya mvua yadondoke badala ya kuufuata waya hadi ndani.

Kwa wanaotaka kutumia simu badala ya GPS, Apple walishatahadharisha mwaka 2021 kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera za iPhone. Tafuta kishikio chenye mpira wa kupunguza mtikisiko.

Njia Panda
Nimewaelewa, shukrani sana. Nimepima waya wa taa ya nyuma kwa mita: ufunguo ukizimwa 0, ukiwashwa bila injini 12.4. Swali la mwisho, nyumbani nina fyuzi ya 15A. Naweza kuitumia kwa sasa?

Fundi Waya
Hapana. Kifaa cha 5V na 2A ni wati 10, na kwenye volti 12, ukijumlisha kinachopotea ndani ya konvata, unavuta ampea 1 hivi. Weka fyuzi ya 2A au 3A. Hiyo ya 15A itakaa inautazama huo waya mwembamba ukiungua.

12.4 ufunguo ukiwa umewashwa ni sawa. Ukishafunga, washa injini, piga resi kidogo, upime pale waya unapoingia kwenye konvata. Ukipata 13.5 hadi 14.5 chomeka GPS yako. Ikipita 15 usichomeke chochote, regyuleta (kidude kinachodhibiti volti za kuchaji betri) ina tatizo, itengenezwe hiyo kwanza.

Mzee wa Gia
Marahaba Fundi. Ngoja nikaangalie taa yangu inafifia au la.