Picha kutoka Kyaka

*Kikundi: Ukoo wa Kibosho, Jumapili jioni*

Eliya: Shikamooni wote. Nakwenda Mutukula, mpakani na Uganda, basi limesimama Kyaka. Oneni hili kanisa 📷

Mama Neema: Marahaba baba. Mbona kuta tupu? Mchango uliwaishia?

Eliya: 😂 Hapana shangazi, ni mabomu ya vita vya Amin. Limeachwa hivyohivyo, kumbukumbu.

Mjomba Prosper: Na daraja je, umelipita? Mwisho wa Oktoba 1978 Amin aliingia, akatangaza mpaka wake ni mto Kagera. Ili jeshi letu lisivuke, tarehe 3 Novemba wakalilipua daraja. Ndege zao zilishalitupia mabomu zikalikosa, ikabidi aletwe fundi wa baruti wa migodi ya Kilembe.

Neema: Kumbe! Sisi shuleni tulikariri tu maneno ya Mwalimu Nyerere, uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo.

Eliya: Babu si alikwenda kule? Hajawahi kutusimulia.

Mama Neema: Yuko hapa anakunywa chai. Neema, mwandikie anachosema. Sauti usitume, simu ya Prosper haifungui.

Neema: Haya. Babu anasema: "Mimi nilikuwa mgambo, viatu nilivyopewa vinanibana. Tulivuka wanajeshi wameshatangulia. Kijiji cha kwanza ng'ambo, kimya. Hakuna ng'ombe, hakuna jogoo. Hata milango imebebwa. Ila ndizi! Zimeivia migombani zinadondoka, ndege wanajilia. Nikashika panga nikate mkungu, sajini akanidaka mkono. Chini ya mgomba adui anaweza kuwa ametega bomu. Nikapita."

Mjomba Prosper: Duh. Mzee miaka yote hii hajaniambia.

Neema: Bibi naye amedakia: "Huku nyuma, Machi 1979, Waganda wakaja kukutana hapahapa Moshi, kina Yusuf Lule, kupanga serikali ya baada ya Amin. Mimi niko foleni ya sukari, tumbo hili hapa, mimba ya mama yako. Mwalimu akasema tufunge mkanda miezi 18. Wangu sijaufungua bado."

Mama Neema: Mama jamani 😂😂

Mjomba Prosper: Aprili 11 Kampala ikaanguka. Mzee alirudi lini?

Neema: Hajibu. Anauliza hapo kwenye kanisa kuna migomba?

Eliya: Ipo, babu. Mikungu mpaka imeegemezwa miti 📷 Konda anapiga honi, baadaye.

Mama Neema: Safari njema. Neema, amesemaje?

Mama Neema: Neema?

Neema: Simu alikuwa nayo babu. Anaikuza hiyo picha kwa vidole, chai imepoa.